Gambuti la shamba la korosho: mguu limeulinda, mkono je?

Msimu wa kuokota korosho ukikaribia, maduka ya Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea hutundika magambuti mlangoni, yamefungwa jozi jozi kwa kamba kama kuku wa mnadani. Meusi, ya kijani, mara moja moja meupe. Kwa mbali yanafanana, na muuzaji ataapa kwamba yote ni mpira orijino. Hayafanani hata kidogo, na tofauti yake utaiona shambani mwezi wa pili wa kuyavaa, si siku ya kununua.

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Kwa anayelima korosho, ufuta au mpunga huku kusini mwa Tanzania, gambuti refu ndicho kitu cha kununua mara baada ya jembe na panga, kabla ya tochi ya bei na kabla ya koti la mvua. Ila lijue linapoishia: linalinda kuanzia unyayo hadi chini kidogo ya goti, basi. Na chini ya mkorosho kinachotangulia kuingia kwenye majani makavu ni mkono, mguu unafuata. Wengi wakishavaa buti hulisahau hilo.

Tuanze dukani. Kuna magambuti ya plastiki, yaani PVC, yanayomiminwa kwenye kalibu mara moja, na kuna ya mpira wenyewe, yanayojengwa kwa kubandika tabaka juu ya tabaka. La plastiki linang'aa, ni gumu shingoni, na ukilinusa lina harufu ya mpira wa kumwagilia maji au ndoo mpya. La mpira ni zito kidogo, halina mng'ao mkali, na ukitazama pale soli inapokutana na buti utaona mkanda uliobandikwa kuzunguka. Likunje shingo kwa nguvu kisha liachie. Mpira hurudi wenyewe bila alama. Plastiki duni hubaki na mstari mweupe pale ulipokunja, na hapo ndipo litakapopasuka, kwa kuwa kifundo cha mguu hukunja sehemu ileile maelfu ya mara kwa siku. Ukikuta vumbi jeupe juu ya buti la mpira lililokaa stoo, usikimbie. Ni dawa za ndani ya mpira zinazopanda juu. Kitambaa chenye maji kinalifuta.

Lipi bora? Kwa kuokota na kupalilia mimi nachukua mpira bila kujadili, kwa sababu unakunjika na unazibika. Lakini anayebeba mashine ya kupulizia ya injini mikorosho inapotoa maua, huyo achukue plastiki. Mpira wa asili na mafuta haviivani: petroli au dizeli ikimwagikia shingoni na kukaa, mpira huvimba, hulainika kama bigijii, kisha tabaka zinaachana. Hata mafuta ya ganda la korosho, yale yanayobabua ngozi, hayalipendi buti la mpira. Plastiki inayavumilia zaidi.

Urefu usibishaniwe. Gambuti fupi la kufika juu ya kifundo ni la kuoshea gari. La shamba lipande sentimita 35 hadi 40 kutoka chini. Soli iwe na meno ya kina na kisigino kilichochongoka, siyo bapa, kwa maana kwenye udongo mweusi wa mabondeni soli bapa ni mwaliko wa kuanguka na gunia kichwani. Bonyeza soli kwa kidole gumba ukiwa umeingiza mkono mwingine ndani: ukihisi kidole kupitia soli, kisiki cha mbaazi kitapita pia. Mbaazi zikishakatwa huacha vijiti vilivyochongoka kama misumari, na hivyo ndivyo vinavyotoboa magambuti mengi kuliko miba.

Saizi ndipo watu wanapoharibu pesa. Jaribu ukiwa na soksi nene ya pamba, simama, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kisha angalia kama kidole kimoja cha mkono kinaingia nyuma ya kisigino. Kimoja kikiingia, sawa. Viwili vikiingia, kisigino kitapanda na kushuka hadi kitoke malengelenge, na kwenye matope buti litabaki chini mguu ukitoka peke yake. Kina mama, ambao ndio wengi katika kuokota, mara nyingi huuziwa namba za wanaume kwa maneno ya "utavaa soksi mbili". Usikubali. Namba 5 na 6 zipo, ziagizwe. Na jaribu miguu yote miwili: jozi zilizofungwa kwa kamba huchanganywa, ukafika nyumbani na kushoto namba 7, kulia namba 8.

Sasa nyoka, maana ndiye anayewapeleka wengi dukani.

Anayehalalisha gharama ya gambuti ni kifutu. Wengine humwita bafe, wengine moma. Ni mfupi, mnene, rangi yake ni ya majani makavu ya mkorosho hasa, na tabia yake ndiyo hatari yake: hakimbii. Nyoka wengine wakisikia vishindo huondoka. Yeye hutulia akiamini hujamwona, na kweli hujamwona, mpaka umkanyage. Hung'ata mguu au kifundo, kwa kasi ambayo jicho halifuati. Meno yake ni marefu, yanaweza kuzidi sentimita 1, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba gambuti ni chuma. Linachofanya ni mambo mawili. Unene wa mpira hula sehemu ya urefu wa jino, na ile nafasi kati ya mpira na ngozi, ikiongezwa na soksi, hula sehemu nyingine. Ndiyo maana buti linalobana shingoni halifai hata kama ni zuri, na ndiyo maana soksi nene si anasa.

Kwa fira anayetema, gambuti halina jibu. Yeye hulenga macho, naye hufika mita 2 na zaidi. Miwani ya plastiki ya kupulizia salfa ina kazi zaidi hapo. Sumu ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi, yanayotiririka, dakika 15 au 20 bila kuacha, jicho likiwa wazi, kisha nenda hospitali. Siyo majani, siyo mkojo, siyo kusugua. Koboko naye huinua kichwa juu na anaweza kung'ata paja au kiuno. Nyoka wa kijani wenye sumu hukaa juu kwenye matawi ya miembe na mikorosho, na wao hukutana na mkono au bega la anayepanda kutikisa tawi. Wote hao wanakukuta juu ya shingo ya buti.

Basi turudi kwenye mkono. Korosho haichumwi mtini, huokotwa chini ikishadondoka na bibo lake. Muokotaji huinama, hupeleka mkono kwenye majani asiyoyaona chini yake, mamia ya mara kwa asubuhi moja. Buti la gharama yoyote halimsaidii hapo. Kinachosaidia ni kazi ya Agosti na Septemba, kabla korosho hazijaanza kuanguka kwa wingi: kufyeka nyasi zote chini ya mwavuli wa mti, kisha kufagia majani kwa reki kuanzia shinani kwenda nje, mpaka mchanga uonekane, hadi hatua mbili kupita ncha za matawi. Lundo la majani lisiachwe palepale pembeni, maana unakuwa umemjengea kifutu nyumba ya kudumu. Lipelekwe mbali au lifukiwe. Kulichoma karibu na mikorosho ni kutafuta moto wa shamba zima. Mtini pakishakuwa safi, korosho inaonekana, nyoka anaonekana, na kuokota kunakwenda haraka. Mwenye shamba chafu hununua gambuti ili limlipie uvivu wa kufagia.

Majani mapya yanayodondoka baada ya hapo yanataka fimbo. Kata kijiti cha mita 1.2 hivi chenye kulabu mwishoni, shika mkono wa kushoto, kwaruza kwanza, okota baadaye. Na mabibo yasilundikwe mtini siku nyingi. Mabibo yaliyooza yanaita wadudu na panya, panya wanaita nyoka. Anayekamua uraka, kile kinywaji cha mabibo, ayapeleke anakokamulia. Asiyekamua ayatoe nje ya mstari wa miti siku hiyohiyo.

Ikitokea buti limetobolewa na nyoka, usimvute mgonjwa buti kwa nguvu kama unang'oa muhogo. Mtulize, mlaze, kisha pasua shingo ya buti kwa kisu kwa nyuma, taratibu, ulivue mapema kabla mguu haujavimba. Jozi imekufa, haidhuru. Vua na pete, bangili na kamba zozote za mguuni. Funga mguu na ubao au mti ulionyooka ili usikunjike, lakini usikaze kamba ya kuzuia damu, usichanje, usinyonye, usibandike jiwe la nyoka. Kamba iliyokazwa kwa sumu ya kifutu, ambayo huharibu nyama, ndiyo inayomaliza mguu. Andika saa aliyong'atwa. Asitembee. Kama usafiri ni bodaboda, akae katikati, mtu mmoja nyuma amshike. Kabla ya kuondoka piga simu kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, kwani kupoteza saa moja kwenda zahanati isiyo nayo ni kosa la kawaida. Kulingana na ulipo, kuna Mkomaindo pale Masasi, hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, Sokoine mjini Lindi, Ligula mjini Mtwara. Namba zao ziwe kwenye simu kabla ya msimu kuanza. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya kung'atwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Shambani haikuwahi kusahaulika.

Wadudu nao wana hesabu yao. Kwa funza wa kwenye mchanga na kwa kupe wa nyasi ndefu, gambuti linapata alama zote, na hapa rangi ina maana: kupe anaonekana upesi kwenye buti jeupe au la kijani mpauko, haonekani kwenye jeusi. Kwa upupu pia ni zuri, mradi uelewe kwamba vile vinyweleo hubaki kwenye suruali na mdomoni mwa buti, kisha vinakuwasha jioni unapovua. Pangusa buti kwa mchanga mkavu au tope kabla ya kuligusa kwa mkono.

Siafu ni swali la suruali. Suruali ikiwa nje ya buti, siafu hupanda juu ya mpira wakiwa wamejificha ndani ya pindo, na utawajulia gotini. Ichomeke ndani ya buti, uwaone wakiwa bado nje. Lakini siku ya kupulizia dawa ya maji au salfa, geuza: suruali iwe nje, ifunike mdomo wa buti, la sivyo dawa inatiririka ndani na mguu unakaa kwenye bwawa la sumu kwa muda wa saa nne. Salfa ya unga ikichanganyika na jasho ndani ya buti huwasha na kubabua. Osha miguu na buti ndani na nje siku hiyohiyo, si kesho.

Majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, nao hawajali buti. Hukaa juu kwenye majani waliyoyashona, hukudondokea shingoni na kuingia kwenye kola. Kabla ya kuwalaani, kumbuka kwamba wanawinda mbu wa mikorosho na wadudu wengine wanaofyonza machipukizi na korosho changa. Vaa kofia, waache waendelee na kazi.

Wanyama wakubwa niwapite haraka. Nguruwe pori aliyejeruhiwa hupiga kwa meno kuanzia gotini kwenda juu. Tembo, kwa wenzetu wa Liwale na Nachingwea, ni suala la kuondoka mapema, na gambuti ndilo kiatu kibaya kuliko vyote vya kukimbilia: zito, kisigino kinacheza, na linatoa mlio wa kwap kwap unaosikika mbali. Anayelala kwenye dungu kulinda mahindi avae viatu vya kamba, magambuti ayaache chini ya dungu yakiwa kichwa chini.

Majini lina sura mbili. Kwenye majaruba ya bonde la Lukuledi au kando ya mito, linazuia kichocho, maana vijidudu vyake hupenya ngozi iliyo majini. Ila maji yakizidi shingo ya buti, faida imekwisha, umebeba kichocho ndani. Na kwenye mtumbwi wa Ruvuma, vua. Mtumbwi ukipinduka, buti lililojaa maji huburuta mguu na halivuki kirahisi kwa sababu linanyonya unyayo. Mamba na kiboko wanatosha, usiongeze uzito.

Mgeni wa ndani ya buti ndiye ajali ya kila siku, na ndiyo rahisi kuliko zote kuepuka. Nge, tandu, buibui, chura, hata nyoka mdogo hupenda shimo lenye giza na unyevu, na gambuti lililoachwa barazani ni shimo hilo hasa. Chomeka vijiti viwili ardhini, vimo vya sentimita 60, visimike mahali penye kivuli na upepo, yavike magambuti kichwa chini. Hapo yanakauka na hakuna anayehamia. Asubuhi shika kisigino, gonga mdomo wa buti chini mara tatu, mulika kwa tochi, ndipo uvae. Usiingize mkono kupima kama kumekauka. Watoto wafundishwe hilo kabla ya kununuliwa buti lenyewe.

Joto ni kasoro isiyo na dawa. Mguu ndani ya mpira kwenye jua la Novemba hutoka jasho mpaka soksi ikamulike, na fangasi wa vidoleni ndio malipo yake. Soksi ya pamba, siyo ya nailoni. Jozi mbili, ubadilishe saa sita ukivua buti nusu saa kivulini. Jioni weka gazeti lililokunjwa ndani likanyonye unyevu, ulitoe kabla ya kulala na kuyavika buti kwenye vijiti. Usikaushe jikoni karibu na moto wala juu ya bati: moto huachanisha gundi ya mpira, jua kali hukausha plastiki ikapasuka kifundoni.

Kwenye Uwanda wa Makonde, huko Newala na Tandahimba, adui wa pili ni mchanga. Unaingia kwa juu, unakaa chini ya soli ya ndani, unasaga kitambaa na ngozi kama msasa. Toa ile soli ya ndani kila jioni, kung'uta. Gambuti lisilo na soli ya kutoka linaisha ndani wakati nje bado linavutia.

Kuziba tundu: buti la mpira linazibwa kama tyubu ya baiskeli. Safisha, kausha kabisa, kwaruza kwa msasa mduara mkubwa kuliko kiraka, paka solusheni pande zote mbili, subiri dakika 5 mpaka isinate kidoleni, bandika, gonga kwa nyundo. Kosa la kawaida ni kubandika solusheni ikiwa mbichi, kiraka kikatoka siku ya tatu. Buti la plastiki halishiki solusheni hiyo hata ukipaka kopo zima; mpelekee fundi viatu alichomelee kwa kisu cha moto na kipande cha plastiki ileile. Gundi ya mabomba ya maji inashika, lakini hukauka ngumu, kwa hiyo inafaa soli tu. Ukiipaka kifundoni itakatika pembeni ya kiraka. Ufa wa kifundoni, kwa vyovyote, ukishazidi urefu wa kidole, acha kupoteza nauli.

Lisilozibika lisitupwe. Kata shingo juu ya kifundo, osha, vaa kama soksi ya nje juu ya viatu vya kawaida, na sehemu pana iangalie chini ifunike ulimi wa kiatu. Muundi unapata kinga kwa msimu mwingine wa kuokota. Pande zinazobaki ni bawaba nzuri ya mlango wa banda la kuku: kipande cha sentimita 10 kwa 5, misumari minne yenye kofia pana.